Nani Aliandika Barua ya Prinsipali?

Mara ya kwanza kuitazama The First Grader nilikuwa kidato cha kwanza, mwaka wa 2016, kwenye ukumbi wa chakula wa shule moja ya bweni huku Meru. Jumamosi usiku, projekta ya kuazima, harufu ya githeri bado iko hewani. Ilipofika ile sehemu wanafunzi wanamkataa mwalimu mpya aliyeletwa kuchukua nafasi ya Mwalimu Jane, ukumbi mzima ulisimama. Tuligonga meza kwa vijiko mpaka mwalimu wa zamu akawasha taa, akidhani tumeanza mambo.

Mara ya pili nimeitazama juzi mjini Embu, kwa laptopu, nikiwa na anti yangu. Anti alikuwa mwalimu mkuu wa sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Pale tulipogonga meza, yeye alicheka.

"Anti, kinachekesha nini?"

"Huyo afisa," akasema. "Amekuja mwenyewe na gari, wakagombana na mwalimu uso kwa uso. Mimi aliyenihamisha sikuwahi kumwona. Niliona barua tu."

Kicheko hicho kimeniharibia filamu niliyoipenda, na nadhani ni haki yake kuiharibu.

Kwa ambaye hajaiona: ni filamu ya 2010 iliyoongozwa na Justin Chadwick, kuhusu Kimani Ng'ang'a Maruge, mzee wa miaka 84 aliyejiunga na darasa la kwanza Eldoret Januari 2004, mwaka mmoja baada ya serikali ya Kibaki kufanya elimu ya msingi kuwa ya bure. Oliver Litondo anamwigiza Maruge. Naomie Harris ni Jane Obinchu, mwalimu mkuu aliyempokea. Wakubwa wa elimu hawataki, na wazazi nao wananung'unika. Katika filamu, Jane anapewa uhamisho wa kwenda mbali. Maruge anasafiri hadi Nairobi, anawakabili wakubwa ana kwa ana, na Jane anarudishwa.

Kuna kitu kimoja ambacho filamu hii inakijua vizuri sana. Maruge ana barua kutoka serikalini ambayo hawezi kuisoma. Hiyo ndiyo sababu yake ya kwenda shule: anataka kuisoma mwenyewe. Halafu Jane naye anakuja kupigwa na barua. Hadithi nzima imekaa katikati ya karatasi mbili, moja ya mtu asiyejua kusoma na nyingine ya mtu anayejua kusoma lakini haimsaidii. Hapo mwandishi wa filamu, Ann Peacock, alishika jambo la kweli kuhusu jinsi serikali inavyoongea na watu wake.

Shida ni kwamba baadaye filamu inaogopa karatasi yake yenyewe. Inaipa uso. Inatutafutia afisa mkali wa kumchukia, ili mwishoni wakubwa waguswe roho na mambo yaishe. Mtazamaji anaenda kulala akiamini kwamba kule juu kuna mtu, na ukimfikia mtu huyo ukiwa na ukweli wa kutosha, atasikia.

Sasa hebu chukua prinsipali wa shule yoyote ya sekondari Embu au Meru, umwulize mkubwa wake ni nani. TSC, ambayo iko kwenye Katiba, kifungu cha 237, ndiyo inamwajiri, inampandisha cheo, inamhamisha, inamwadhibu. Wizara ya Elimu ndiyo inasema karo ni ngapi na inatuma mgao wa kila mwanafunzi. TSC ina mkurugenzi wake wa kaunti, na Wizara ina wake, kwa hiyo mji mmoja una wakurugenzi wawili wa shule zile zile. Kuna bodi ya usimamizi iliyowekwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kuna mfadhili, yaani kanisa: Katoliki huyu, Methodisti yule, Anglikana wa tatu. Shule nyingi za msingi bado zimeandikwa DEB kwenye kibao cha getini, herufi za Bodi ya Elimu ya Wilaya ya zamani. Bodi ilishakufa lakini jina bado linashika zamu. Kwa hiyo jibu la nani mkubwa linategemea ni kitu gani kimeharibika siku hiyo.

Angalia pesa. Mgao wa sekondari ya kutwa uliowekwa ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, uje kwa awamu tatu: asilimia 50, 30 na 20. Walimu wakuu wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba unakuja umechelewa na umepungua. Wakati huo huo waraka unatoka Nairobi: ni marufuku kuongeza karo, ni marufuku kufukuza wanafunzi. Pesa inachelewa, lakini waraka haujawahi kuchelewa.

Angalia uhamisho. Mwaka wa 2018 TSC ilihamisha walimu wakuu kwa wingi, kwa sera kwamba mtu asiongoze shule katika kaunti ya nyumbani. Sera ilikuwa na sababu, tusidanganyane. Kuna shule zilikuwa zimegeuka duka la ukoo, tenda ya kuni kwa shemeji, kazi ya jikoni kwa binamu. Lakini iligonga familia nyingi, wabunge wakaipinga, na baada ya uchaguzi wa 2022 ikalegezwa. Kuhamisha watu na kuwarudisha, yote yalifanywa kwa karatasi. Sasa mzee Maruge angeenda kumwona nani?

Lakini si filamu ya Uingereza pekee inayokosea hapa. Sisi wenyewe tumekosea, kwa upande wa pili. Kama ulifanya KCSE miaka ya karibu na yangu, ulisoma Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, na ndani yake "Mtihani wa Maisha" ya Eunice Kimaliro. Samueli anaingia ofisini mwa mwalimu mkuu kuchukua matokeo yake, na matokeo ni mabaya. Ni hadithi nzuri. Inajua aibu ya kijana kuliko setibuku nyingine yoyote niliyosoma. Ila mwalimu mkuu pale ni mwisho wa dunia. Nyuma ya kiti chake kuna ukuta tu. Hakuna simu inayolia kutoka kaunti, hakuna waraka mezani.

Unaweza kuniambia ni sawa, hadithi inamwona kwa macho ya mwanafunzi. Kweli. Lakini tukisoma hadithi moja baada ya nyingine ambazo prinsipali ni Mungu mdogo, halafu tukitazama filamu ambayo prinsipali ni malaika na afisa ndiye shetani, tunakosa yule mtu ambaye wengi wetu tulikutana naye: mtu wa katikati, anayesaini barua ambayo hakuiandika.

Na kumkosa kuna gharama. Mwaka ule ule wa 2016, Waziri Fred Matiang'i alibadilisha kalenda ya shule. Muhula wa pili ukarefushwa, na muhula wa tatu ukapigwa marufuku ya kutembelewa na siku za maombi. Maagizo yalitoka Jogoo House, Nairobi. Miezi hiyo shule zaidi ya 100 ziliungua nchini. Sababu za moto zilikuwa nyingi, na sisemi kalenda peke yake ndiyo iliwasha kiberiti. Ninachosema ni kwamba hakuna mwanafunzi angeweza kufika Jogoo House. Bweni lilikuwa hapo karibu, na mwenye bweni machoni petu alikuwa prinsipali. Sisi hatukuchoma kitu. Lakini tulikuwa tumeshagonga meza kwa vijiko, na naijua ile hasira ilivyokuwa ikitafuta uso.

Mimi pia niliutafuta. Cheti changu cha KCSE kilikaa shuleni miaka miwili kwa sababu ya salio la karo. Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 inakataza kuzuia cheti, na mawaziri wameagiza zaidi ya mara moja kwamba vyeti vitolewe. Nilienda na hiyo sheria kwenye simu, nikamsomea prinsipali kwa sauti, kwa Kiingereza cha mtu aliyekaa chuo mihula mitatu akatoka. Nikamwita mwizi. Akaniacha nimalize.

"Kijana," akasema, "sheria naijua. Na mwenye maharagwe anaijua ya kwake, ameshanipeleka kortini."

Nilitoka nikisema moyoni kwamba hayo ni majibu ya mwizi. Cheti nilikipata baadaye, mathe alipomaliza salio. Bado naamini alikosea. Cheti ni changu, na sheria haisemi "isipokuwa shule ikiwa na deni la maharagwe". Lakini nimekuja kuona kwamba agizo la kutoa vyeti lilitolewa na watu waliojua vizuri kwamba hawakutuma pesa za kuziba lile pengo. Wao walipata kichwa kizuri cha habari, mimi nikapata mtu wa kumtukana, naye akabaki na mwenye maharagwe.

Hadithi hiyo sijaiona ikiandikwa, si kwa Kiswahili wala kwa filamu. Simtaki prinsipali atetewe. Anti yangu mwenyewe anasema aliwahi kufanya kazi na wezi. Ninachotaka ni riwaya ambayo ofisi ya prinsipali ina milango miwili, mmoja wa mwanafunzi na mwingine wa wakurugenzi wawili, na mwandishi anatuonyesha kinachoingia kwa kila mlango. Aandike sentensi ya waraka jinsi ilivyo, ile inayosema "imeamuliwa" bila kusema na nani. Asimtafutie afisa wa kumwekea masharubu. Hiyo "imeamuliwa" inatisha zaidi ya afisa yeyote aliyewahi kuigizwa.

Filamu ilipoisha, anti hakusema kama aliipenda. Aliniuliza kama Maruge mwishowe alijua barua yake ilisema nini. Nikamwambia ndiyo, inasomwa mwishoni.

"Na ya Jane?" akauliza. "Ile ya kumhamisha. Ilikuwa na sahihi ya nani?"

Tulirudisha nyuma tukaitafuta. Filamu haionyeshi.