Nyanyua Mguu, Mama

Mzazi mwenye maumivu ya nyonga baada ya kujifungua amelala chali, miguu imenyooka, visigino vimeachana kidogo. Mtaalamu wa tiba ya viungo anamwomba jambo dogo: anyanyue mguu mmoja sentimita 20 hivi, bila kukunja goti, kisha aseme umemwelemea kiasi gani, kuanzia 0 mpaka 5. Wengi hushtuka hapo. Mguu wa mtu mwenyewe umekuwa gogo.

Sasa mtazame fundi huyo wa viungo. Haanzi kukanda. Anaweka viganja pande mbili za nyonga, anabana kuelekea kati, halafu anasema: "Haya mama, nyanyua tena." Mguu ukipanda kwa wepesi, ameshajua njia: nyonga inataka kushikiliwa, na misuli ya kuishikilia haijarudi kazini sawasawa. Kipimo hiki kilichunguzwa Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1990. Hakitaki mashine wala umeme, na mimi sijaona kingine kinachosema mengi hivyo kwa gharama ya kitanda tu.

Bibi zetu wa Pwani nao humfunga mzazi mkaja, na siwacheki. Ila mkaja hukaza tumbo. Mkanda wa mtaalamu hushuka chini, kwenye nyonga, nao huvaliwa kwa muda tu. Kazi yenyewe ni mazoezi. Huko Oslo, Britt Stuge na wenzake waliwafuatilia wanawake 81 wenye maumivu ya nyonga baada ya kujifungua. Matokeo yakatoka 2004. Waliopewa mazoezi ya kuimarisha nyonga kwa wiki 20 waliumwa kidogo kuliko wenzao waliotibiwa bila mazoezi hayo, na tofauti hiyo ilionekana hata mwaka mmoja baada ya kujifungua.

Kabla ya yote hayo fundi huuliza maswali. Kuna homa? Ganzi mapajani? Mkojo unakutoka bila kujua? Mguu haukanyagiki kabisa? Jibu likiwa ndiyo, mazoezi yanasubiri, daktari kwanza.

Ukiyatazama mazoezi yenyewe utadhani mchezo. Mama anakunja magoti, anabana khanga iliyoviringishwa katikati yake, anatoa pumzi huku akivuta tumbo la chini taratibu. Anafundishwa kugeuka kitandani magoti yakiwa pamoja, na kuvaa nguo ya ndani akiwa ameketi. Jicho la fundi haliko kwenye magoti, liko mbavuni. Mama akizuia pumzi tu, anaambiwa aanze upya, na ugumu wa zoezi hauongezwi siku hiyo hata akisihi.