Ua, Kitalu na Kibanda: Uhakiki wa Msamiati wa Makazi

Somo la makazi katika madarasa mengi ya Kiswahili hutegemea picha moja: nyumba ya vigae, ukuta wa mawe umeizunguka, bustani mbele. Mwanafunzi hutakiwa kutaja sehemu zake. Picha hiyo ikipelekwa Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-mashariki mwa mji wa Mbarara, haimsaidii mtu.

Hatusemi kwamba mawe ni ya wageni. Thimlich Ohinga, huko Migori nchini Kenya, ni maboma ya kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, na UNESCO iliyatia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Pwani nako ukuta wa mawe unaozunguka kiwanja ulikuwa na jina lake, kitalu. Leo ukimwuliza mwanafunzi, kitalu ni cha miche (au cha uwindaji, kama ni Mtanzania). Neno limebaki, ukuta umetoka ndani yake, na vitabu vya kiada havisemi lolote.

Lakini kasoro inayotuudhi zaidi ni neno kibanda. Kashojwa watu hujenga kwa fito na udongo, au kwa matofali yaliyokaushwa juani. Jiko liko nje, choo kiko nje, kuku wana banda lao. Mwalimu huviita vyote vibanda, na kiambishi ki- hapo kinadunisha. Jiko lililoezekwa kwa turubai ni jiko. Nakivale ilitangazwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960; wapo waliozaliwa humo na kuzaa humo. Mtoto wao akifundishwa kwamba jengo lenye historia ni la mawe tu, amefundishwa pia kwamba kwao hakuna historia.

Kuna na suala la ua. Wakongo ni wengi Nakivale, na baadhi yao huja darasani na neno lupango, yaani kiwanja chenye uzio na vyote vilivyomo. Kulikata kwa wino mwekundu ni kupoteza neno zima linalofanya kazi. Tunapendekeza mwanafunzi achore kwanza lupango lake, ataje kila kilichomo kwa jina analolijua, ndipo afundishwe ua, uani, na wingi wake nyua, ambao hata walimu huuchanganya na maua.