Mkono Unaojua Kuachia

Kumwogesha mgonjwa kitandani ni somo la mwanzo kabisa katika chuo cha uuguzi, na watu wa nje huliona dogo. Muuguzi huanza na macho, kwa maji matupu yasiyo na sabuni, akipangusa kutoka pembe ya ndani kwenda ya nje. Hufunua mkono mmoja, akauosha, akaukausha na kuufunika, ndipo ahamie wa pili, maana mgonjwa hana sababu ya kulala uchi wala kuona baridi. Akimgeuza ubavu hukagua visigino, nyonga na chini ya mgongo, mahali vidonda vya kulalia vinapoanzia. Hayo yote yanafundishika kwa juma moja. Ila liko swali linalochukua miaka: je, mgonjwa huyu anaweza kushika kitambaa akajiosha uso mwenyewe? Na kama anaweza, muuguzi ana haki gani ya kumwoshea?

Virginia Henderson aliutumia umri wake mrefu kufundisha swali hilo. Alizaliwa Kansas City, Marekani, mwaka 1897, akahitimu shule ya uuguzi ya jeshi mjini Washington mwaka 1921. Mafunzo ya enzi hizo yalithamini utaratibu na wepesi wa mikono: shuka zimenyooka, dawa zimetolewa kwa saa yake, daktari ameridhika. Mgonjwa alikuwa mtu wa kutendewa. Henderson akawa mwalimu, kwanza katika jimbo la Virginia, kisha New York katika Chuo Kikuu cha Columbia, alikofundisha kuanzia 1934 hadi 1948.

Mwaka 1939 alitoa toleo jipya la kitabu cha kufundishia uuguzi cha Bertha Harmer, na katika toleo la 1955 akaweka maelezo yake mwenyewe ya kazi ya muuguzi. Kwake, muuguzi humsaidia mtu kufanya yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama asingepungukiwa na nguvu, nia au maarifa, na humsaidia kwa namna itakayomrudisha upesi kwenye kujitegemea. Pale ambapo hakuna kupona, humsaidia afe kwa amani.

Sijui kipimo kizuri zaidi ya hicho cha kumpa mwanafunzi anayeingia wodini. Mtu aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi ana nia na anajua kula. Amepungukiwa nguvu, basi mshikie sahani, kijiko mwachie. Mama aliyejifungua mara ya kwanza ana nguvu na hamu ya kunyonyesha; amepungukiwa maarifa, basi kaa naye umwonyeshe jinsi ya kumweka mtoto kwenye titi. Aliyekata tamaa mwili wake ni mzima na anajua la kufanya. Kilichozimika ni nia, na hapo mikono yenye haraka haifai kitu. Wote watatu wanaweza kuandikwa kwenye faili kwamba hawali vizuri au hawanyonyeshi. Muuguzi asiyeuliza kilichopungua atawatendea sawa, na atawakosea wote.

Mahitaji ya msingi ya mgonjwa aliyapanga kuwa 14, na Baraza la Kimataifa la Wauguzi likayachapisha katika kijitabu chake cha mwaka 1960. Anaanza na kupumua, kula, kwenda haja, kulala. Kisha anafika kwenye kuzungumza, kuabudu kwa imani yako, kufanya kazi, kucheza na kujifunza. Hadi leo yanafundishwa. Nami napenda kwamba mwanamke aliyejali sana haja kubwa na ndogo hakuona aibu kuiweka ibada kwenye orodha ileile.

Aliwatendea wauguzi kama alivyotaka wawatendee wagonjwa. Alipohamia Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1953 aliona kwamba tafiti nyingi za wakati ule zilichunguza wauguzi wenyewe badala ya huduma wanayotoa, na chache zilizokuwepo zilikuwa zimetawanyika. Basi yeye na wenzake wakakaa kuzitafuta, kuzisoma na kuziorodhesha, mwaka baada ya mwaka: faharasa ya mabuku manne, yanayofunika maandishi ya 1900 hadi 1959, yaliyotoka kati ya 1963 na 1972. Ni kazi ngumu isiyo na makofi. Lakini baada yake muuguzi mwenye shaka kuhusu kidonda hakulazimika kumngojea daktari amwambie, angeweza kutafuta.

Mwaka 1978, akiwa na miaka 80, alitoa pamoja na Gladys Nite toleo la sita la kile kitabu cha Harmer, lenye kurasa zaidi ya 2,000. Mwaka 1985 Tuzo ya Christiane Reimann, tuzo ya kimataifa ya uuguzi, ilipotolewa kwa mara ya kwanza, alipewa yeye. Alifariki Machi 1996, akiwa na miaka 98. Maktaba ya kielektroniki ya Sigma, jumuiya ya wauguzi iliyoanzia Indiana mwaka 1922, ilipewa jina lake, na muuguzi wa Muhimbili au wa Mombasa anaweza kuifungua kwa simu, bila malipo, akatafuta jibu lake mwenyewe.