Rureke na Siku Kumi na Mbili za Mwindo

Mwaka 1956 mashujaa wawili waliozaliwa na kitu mkononi walipata watu wa kuwasimulia upya. Wa kwanza ni Temujin, yule aliyekuja kuitwa Genghis Khan. Wamongolia husimulia kwamba alizaliwa amefumbata bonge la damu iliyoganda. Howard Hughes akamtolea filamu, The Conqueror. John Wayne, aliyezoeleka kwa kofia na bastola, akabandikwa masharubu na kuvalishwa manyoya, jangwa la Utah likafanywa nyika ya Mongolia, na gharama ikafika kama dola milioni 6. Wa pili ni Mwindo, aliyetokea kwenye kidole cha kati cha mama yake ameshika konga, yaani usinga wa mkia wa nyati, na papo hapo akacheka, akasema, akatembea. Yeye hakupata farasi wala kamera. Alimpata Candi Rureke, katika kijiji cha Bese, huko Walikale, mashariki ya Kongo.

Filamu ya Wayne leo inatajwa kwa kicheko. Kazi ya Rureke bado inafundishwa vyuoni.

Anayetoka Goma kupitia Sake hupanda kwanza milima ya Masisi, nchi ya malisho na jibini, kisha njia huteremka kuelekea msitu wa Walikale, kwa Wanyanga. Hao ni watu wa mitego, uwindaji na migomba, na masimulizi yao marefu kuliko yote huitwa karisi. Mtaalamu wake ni she-karisi. Habebi cheo hicho kwa kuwa na sauti nzuri tu: Karisi ni pepo pia, na mwenye kufundishwa vizuri huaminiwa kwamba anakingwa na maradhi na kifo. Ufundi hupita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Rureke alijifunza kwa Kanyangara, na Kanyangara alijifunza kwa Bishusha.

Vyombo vya kazi vingeingia kwenye kapu moja. Kijiti kirefu kikavu hulazwa juu ya vijiti vidogo, na vijana watatu hukipiga. Msimuliaji hushika manyanga ya kibuyu, anaimba, anasimulia, anacheza, anaigiza. Mwindo akiburuzwa, Rureke anaburuzwa. Mwindo akijigamba, kifua kinachotuna ni cha Rureke. Katika nyimbo shujaa husema “mimi”, na mara nyingine msikilizaji hajui huyo “mimi” ni nani. Ghafla hadithi inasimama. Msimuliaji anaomba chakula, anataka pombe ya ndizi, anamsifu aliyetoa zawadi, kisha anarudi palepale alipoacha, hata kama shujaa alikuwa katikati ya mto. Wasikilizaji huitikia kiitikio. Yule asiyeitikia anakula bure.

Safari ile kulikuwa na wageni kazini. Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji, na Kahombo Mateene, Mnyanga aliyekuja kuwa mtaalamu mkubwa wa lugha za Afrika, waliandika maneno kadiri yalivyotoka. Kazi ilichukua siku kumi na mbili. Kwa kawaida she-karisi husimulia kipande leo na kipande siku nyingine. Rureke hakuwa amewahi kuipiga karisi yote mfululizo namna hiyo. Hata mwandishi hakuachwa salama: katikati ya wimbo Rureke alimgeukia na kumhimiza aende mwendo. Maneno hayo yamo ndani ya kitabu kilichochapishwa Marekani mwaka 1969, na ni vizuri hayakufutwa. Mhariri mwenye haraka angeyaona uchafu, kumbe ndipo jasho la kazi linapoonekana.

Na hadithi yenyewe? Shemwindo, mkuu wa Tubondo, anawaamuru wake zake saba wazae mabinti tu. Mwindo anapotokea, baba anamrushia mikuki, anamzika akiwa hai, halafu anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma inaelea hadi kwa shangazi yake, Iyangura. Wajomba wahunzi wanamfanyia mavazi ya chuma, wanapigana Tubondo, wanakufa wote. Mwindo anamwita Nkuba, bwana wa radi, mji unateketea, na kwa pigo la konga wajomba wanafufuka. Baba ametorokea kuzimu kupitia mzizi wa mmea, mwana anamfuata. Huko Muisa, mwenyeji wa kuzimu, anamtaka alime shamba la migomba kwa siku moja, kisha anautuma mkanda wake wa kauri umpige mpaka akate roho. Konga inamwamsha.

Hapa filamu nyingi za washindi zingefunga pazia. Omar Sharif aliigiza Genghis Khan mwaka 1965, na mwaka 2007 Sergei Bodrov alitoa Mongol, akampa Tadanobu Asano nafasi ya Temujin. Hii ya Bodrov ni bora mno kuliko ya Wayne, lakini nayo humpandisha shujaa hadi ushindi na kumwacha hapo. Karisi ya Rureke ina ujasiri mkubwa zaidi. Baba na mwana wanapatana na kugawana utawala, halafu Mwindo, bado na kiburi chake, anaua zimwi lenye vichwa saba lililoapiana udugu na Nkuba. Yule yule rafiki wa radi anashuka na kumchukua. Mwaka mzima Mwindo anakaa juu angani, anapigwa na mvua ya mawe, anaunguzwa nywele na Mwezi, anashindishwa na kiu mbele ya Jua. Anarudi na miiko: asiue mnyama wa msituni.

Fikiria masikio yanayoyapokea hayo. Mwezi Machi 1993 mauaji ya soko la Ntoto, Walikale, yaliwasha vita vilivyosambaa hadi Masisi, na tangu hapo vilima hivyo vimeona makamanda wengi, kila mmoja na sifa zake za ushindi. Wanyanga walikuwa na hadithi ambamo mwenye nguvu anaitwa na kuhojiwa baada ya kushinda. Hilo halikuletwa na semina ya amani.

Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha matoleo mengine ya karisi, yanayotofautiana na la Rureke, kwa kuwa kila fundi hukata njia yake msituni. Vijana wa Goma wenye kamera siku hizi wapo, na filamu wanazitengeneza. Atakayemtaka Mwindo hatakwama kwenye radi wala zimwi; kompyuta zitamaliza hayo. Kibarua kitakuwa ule mwaka wa angani, usio na vita hata kimoja, pamoja na zile nafasi ambapo Rureke alisimama kuomba pombe.