Mbeba Mkuki wa Wamunyu

Agosti 2024, siku chache kabla ya Eldoret kutawazwa kuwa jiji, sanamu za wanariadha zilisimamishwa mjini, Wakenya wakazicheka mtandaoni, zikang'olewa. Mzaha mwingi ulihusu sura: huyu ni nani jamani, mbona hafanani? Lakini mwanariadha hachongwi kwa sura.

Wagiriki walilijua hilo mapema. Mrusha kisahani wa Myron, wa karne ya 5 kabla ya Kristo, ana uso mtulivu kama wa abiria anayengoja matatu ijae. Shughuli yote iko mwilini: mgongo umepinda, mkono umeenda nyuma, uzito uko mguu mmoja. Doryphoros wa Polykleitos, yaani mbeba mkuki, hata harushi kitu. Mguu mmoja umembeba, wa pili umelegea, nyonga imepanda, bega la upande huo limeshuka. Ukimtazama unajua yuko karibu kupiga hatua.

Shaba zenyewe zilipotea. Tunazijua kwa sababu Warumi walizinakili kwa marumaru, wakiongeza kigogo cha mti kando ya mguu ili jiwe lisivunjike. Karne nyingi baadaye, mafundi wa Italia wakazinakili tena kwa shaba, wakawauzia watalii.

Nakala za kuuzia watalii? Hiyo Machakos tunaijua vizuri. Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa ameona kazi za wachongaji wa Tanganyika, na kwake ufundi ukaenea kijijini. Leo kuna twiga, vifaru, vijiko vya saladi, na Mmasai mwenye mkuki. Huyo ndiye Doryphoros wetu. Mwangalie basi: miguu sambamba, magoti yamekaza, mkono umebanwa ubavuni. Anaingia vizuri kwa sanduku la mgeni, lakini haendi popote.

Na si kwamba fundi hajui. Chukua swala wa Wamunyu: shingo imegeuka, masikio yamesimama, bado kidogo atoroke. Aliyemchonga amewahi kuona swala akishtuka. Binadamu ndiye hajaangaliwa hivyo, na hii ni Machakos iliyomzaa Cosmas Ndeti, mshindi wa Boston mara 3 mfululizo, 1993 hadi 1995, na Patrick Makau, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2011, saa 2:03:38.

Kunakili si dhambi; bila wanakili tusingekuwa na Doryphoros kabisa. Ila Mrumi alinakili hata namna uzito unavyokaa mguuni, wakati soko la vinyago limemlipa fundi wetu kwa umbo tu, tena haraka haraka. Kaunti yoyote inayotaka sanamu ya mkimbiaji imlipe mchongaji, kabla hajashika tezo, akae wiki kadhaa kando ya barabara ya mazoezi asubuhi, akiangalia vifundo vya miguu. Bila hivyo tutaendelea kubishana kuhusu pua.