"Limeshafika kwenye neva": hebu tuzikague zile asilimia

Mwaka jana rafiki ninayekaa naye chumba kimoja alirudi kutoka kwa daktari wa meno akiwa ameuma pamba. Jino la chini la nyuma, upande wa kushoto. Alikuwa ameenda kuziba tu. Lilikuwa linashtuka akinywa maji baridi, basi. Usiku alilala fofofo. Daktari akiwa katikati ya kuchimba, tobo likafika ndani, damu kidogo ikachomoza, na hukumu ikatoka hapohapo: "Limeshafika kwenye neva hili, dada. Kuliziba ni kupoteza hela, yanayopona ni theluthi tu. Tung'oe." Likang'olewa.

Mimi nasoma mikrobiolojia, si daktari wa meno, kwa hiyo usiichukue makala hii kama ushauri wa tiba. Lakini ile "theluthi" ilinikera. Namba ya namna hiyo huwa ina mahali ilipozaliwa. Nikaenda kupatafuta.

Kwanza tuelewane maneno. Chini ya gamba gumu la jino kuna dentini, na chini ya dentini kuna kiini: nyama laini yenye mishipa ya damu, seli za kinga, seli zinazojenga dentini, na ndiyo, neva pia. Sisi mtaani chote tunakiita "neva", na jina hilo limetudanganya. Ukisikia neva imeguswa unawaza waya uliokatika. Kumbe ni nyama hai, na nyama hai ikijeruhiwa inaweza kupona. Kiini kikishachungulia, daktari anaweza kukifunika kwa dawa na kuziba juu yake, anaweza kukata sehemu ya juu iliyoungua na kufunika iliyobaki, anaweza kukitoa chote na kujaza mizizi, au ang'oe. Kazi ya mizizi ni ndefu na ghali, ndiyo maana wengi wetu tunaijua ile njia ya mwisho tu.

Sasa, theluthi ile. Nadhani ilitoka kwenye utafiti wa Bjørndal na wenzake, uliofanywa Denmark na Sweden na kuchapishwa mwaka 2010. Watu wazima 58 ambao viini vyao vilichungulia wakati wa kuchimba waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakafunikwa, wengine wakakatwa sehemu ya juu ya kiini kisha wakafunikwa. Baada ya mwaka mmoja hivi, waliobaki na kiini hai bila dalili ya ugonjwa kwenye ncha ya mzizi walikuwa asilimia 31.8 upande mmoja na 34.5 upande wa pili. Namba mbaya kweli.

Ila usiifunge kurasa hiyo bado. Mwaka 2013 Hilton na wenzake walitoa matokeo kutoka kliniki 35 za kawaida huko kaskazini-magharibi mwa Marekani, wagonjwa 376, wakifuatiliwa hadi miaka miwili. Waliofunikwa kwa hidroksidi ya kalsiamu, dawa ya zamani, makadirio ya kushindwa yalikuwa asilimia 31.5. Waliofunikwa kwa MTA, asilimia 19.7. Yaani hata kwa dawa ya zamani, theluthi ndiyo waliofeli! Kazi ileile, dawa ileile, na theluthi imehamia upande wa pili wa mizani.

Inakuwaje? Hapa ndipo ninapokuomba usome polepole, kwa sababu jibu halipo kwenye jedwali la matokeo, lipo kwenye ukurasa wa mbinu ambao watu huuruka. Kwa Hilton, kushindwa maana yake ni jino kuhitaji kung'olewa au kutibiwa mizizi. Kwa Bjørndal, jino lilipimwa kama kiini bado kinahisi, na likapigwa eksirei. Fikiria jino ambalo kiini chake kimekufa kimyakimya, haliumi, mwenye nalo anatafunia nyama choma kwa raha zake. Kwa kipimo cha pili limefeli. Kwa kipimo cha kwanza linaweza kuhesabiwa limefaulu hadi siku litakapovimba. Sisemi Hilton alidanganya. Alieleza wazi alichopima, na kwa mgonjwa kubaki na jino mdomoni ni jambo kubwa. Kosa ni letu tunaonyofoa asilimia na kuiacha tafsiri yake nyuma.

Lakini tafsiri peke yake haimalizi kesi. Kundzina na wenzake, mwaka 2017, walifuatilia magego 70 kwa miaka mitatu na kipimo kikali, jino lihisi na eksirei iwe safi. MTA ilipata asilimia 85, hidroksidi ya kalsiamu 52. Kwa hiyo dawa nayo ina neno lake. MTA ilitengenezwa na Torabinejad na wenzake katika Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, miaka ya 1990, na ukiifungua utacheka: kwa sehemu kubwa ni saruji ya Portland, ndugu wa ile ya kujengea nyumba, ikiwa imesafishwa na kuongezewa oksidi ya bismuthi ili ionekane kwenye eksirei. (Tafadhali usiende na kijiko kwenye mfuko wa fundi.) Inaganda hata penye unyevu na haimomonyoki kama hidroksidi ya kalsiamu, ambayo ikipita muda huacha mianya chini ya kizibo.

Na mwanya ndio kiini cha mambo yote haya. Kuna jaribio moja la mwaka 1965 ambalo ningependa lifundishwe sekondari. Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walichukua panya wa kawaida na panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja, wakawatoboa magego hadi kwenye kiini, wakawaacha hivyohivyo wazi, chakula kinaingia humo. Hakuna dawa, hakuna kizibo. Kwa panya wa kawaida, baada ya siku 8 sehemu kubwa ya kiini ilikuwa imeoza. Kwa panya wasio na vijidudu, kiini kilibaki hai, na ndani ya wiki nne kikawa kimejijengea daraja la dentini la kujifunika chenyewe. Soma tena: chenyewe. Kiini hakikuuawa na tundu. Kiliuawa na bakteria.

Ndiyo maana sishangai kwamba Cvek, mwaka 1978 huko Sweden, alipotibu meno 60 ya mbele yaliyovunjika kwa ajali, kwa kukata sehemu ndogo ya kiini na kuweka hidroksidi ya kalsiamu, alipata asilimia 96. Ni dawa ileile iliyopata theluthi kwa Bjørndal! Tofauti ni kwamba kiini cha mtoto aliyeanguka kilikuwa kizima dakika moja kabla, wakati kiini chini ya tobo la kuoza kimeishi na bakteria kwa miezi. Anayekutajia asilimia bila kukuambia jino lilifikaje hapo, amekutajia namba ya mtu mwingine.

Kitu kingine kuhusu utafiti wa Bjørndal kinaniudhi zaidi, na si kosa lake. Wale 58 walikuwa tawi dogo la pembeni. Jaribio kuu lilikuwa la watu 314 wenye kuoza kwa kina, likiuliza swali tofauti: je, uchimbe uozo wote siku moja, au uache kidogo karibu na kiini, uzibe, urudi baada ya miezi? Walipochimba kwa awamu viini vilivyochungulia vilikuwa asilimia 17.5, walipochimba vyote kwa mkupuo, 28.9. Mafanikio ya mwaka mmoja, 74.1 dhidi ya 62.4. Yaani ujumbe mkubwa wa karatasi hiyo ni: usikimbilie kukifikia kiini. Tumechukua namba ya tawi, tukaacha shina. Tamko la chama cha Ulaya cha wataalamu wa mizizi ya meno la mwaka 2019 linasema hivyo hivyo, na linaongeza kwamba kiini kikichungulia kwa sababu ya kuoza, basi kazi ifanyike chini ya mpira wa kuzuia mate, na saruji za jamii ya MTA.

Nisije nikaonekana napigia debe upande mmoja, kuna utafiti ninaoupenda na ambao nao una madoa. Asgary na wenzake huko Iran walichukua wagonjwa zaidi ya 400 wenye magego yanayouma haswa, yale ambayo kitabuni kiini chake huandikwa hakiponi tena. Nusu wakatibiwa mizizi, nusu wakakatwa kiini cha juu na kufunikwa kwa saruji. Miaka mitano baadaye: asilimia 78.1 kwa saruji, 75.3 kwa mizizi. Kwa nchi ambazo kazi ya mizizi wengi hawaimudu, matokeo hayo ni makubwa. Ila karibu theluthi ya wagonjwa hawakurudi kupimwa mwaka wa tano, na saruji iliyotumika ilibuniwa na Asgary mwenyewe. Hilo halifuti matokeo. Linafanya nitamani kuona watu wasiohusika nayo wakiyarudia.

Kwa hiyo ukiwa umekaa kwenye kile kiti, ganzi imeshaingia, na ukaambiwa limefika kwenye neva, uliza kabla ya koleo: lilikuwa linauma lenyewe usiku, au linashtuka tu kwa baridi? Damu imekauka ndani ya dakika chache au bado inatiririka? Hapa kuna MTA au saruji ya aina hiyo? Kama hakuna, linaweza kuzibwa kwa muda nikatafute? Jibu linaweza bado kuwa kung'oa, hasa kama limeoza hadi hakuna pa kushikia kizibo. Sawa.

Rafiki yangu hakuuliza, na sidhani mimi ningeuliza. Siku hizi anatafunia kulia, na jino la juu lililopoteza mwenzake limeanza kushuka.