Kusafirisha Nyumba

Katika bao la Kiswahili hakuna uamuzi mzito kuliko ule wa kuiacha nyumba isafiri. Nyumba ni shimo la tano kutoka kushoto katika safu ya mbele. Mchezo unapoanza hukaa na kete 6, mashimo mawili ya kulia kwake yakiwa na mbili mbili, na kete 22 zilizobaki zikiwa mkononi. Muda wote wa kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi moja moja, inazidi kunenepa, na kadiri inavyonenepa ndivyo inavyotamaniwa. Ni akiba ya mchezaji na ni windo la mwenzake. Ikishavunjwa, heshima yake ya nyumba imekwisha mpaka mchezo mwingine.

Hatari inatoka upande wa pili. Nyumba inatazamana na shimo la nne la mpinzani, kutoka kushoto kwake. Akiwa na kete hata moja hapo zamu yake inapofika, hunamua humo na kuila nyumba yote kwa mkono mmoja. Shimo hilo likiwa tupu, usalama bado ni wa kuazima: akipata mtaji mrefu, yaani mkono wa kula unaoendelea, mzunguko wa kwanza hulijaza na wa pili huishia humo humo, na nyumba ikaliwa.

Nafasi ya kuamua huja ghafla. Mchezaji akila kete nne akazianzia kichwa cha kulia, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele upande huo, ya mwisho huangukia nyumbani. Akila tano akazianzia kichwa cha kushoto, vilevile. Shimo la mkabala likiwa na kete, sheria inamlazimisha kula. Likiwa tupu, ana hiari: alale, yaani amalize zamu, nyumba ibaki ikinenepa mbele ya macho ya adui, au asafiri, amwage akiba yote ubaoni.

Mwenye pupa husafiri kwa sababu nyumba ni nzito mkononi. Fundi husafiri kwa hesabu. Nyumba inayokwenda kulia huhitaji kete 12 ili ya mwisho izunguke safu ya nyuma na kurudi mbele, kwenye kichwa cha kushoto. Inayokwenda kushoto huhitaji 13 ili ifike kichwa cha kulia. Chini ya hapo, nyumba yenye kete 6 au zaidi huishia safu ya nyuma, ambako hakuna kula: ikikuta shimo lenye kete, safari inaendelea, ikikuta shimo tupu, mkono umelala na akiba imetawanyika bila kuambulia kitu. Kwa hiyo nyumba changa inayotishwa haiokolewi na ujasiri peke yake. Huokolewa na mtu anayejua kete yake ya mwisho itatua wapi kabla hajainua ya kwanza.

Hapo ndipo ulipo uzuri wa ufundi huu. Mkono wa fundi husimama juu ya nyumba bila kuigusa. Hahesabu kwa kidole; amezifuata kete hizo tangu zilipokuwa sita, na kila iliyoingia ameiona ikiingia. Watazamaji waliokuwa wakitaniana hunyamaza, kwa kuwa nao wanahesabu. Katika kimya hicho fundi anajiuliza mambo matatu: safari itaishia wapi, safu ya mbele itabaki na nini baada yake, na mwenzake atapata njia gani kwa kete zilizomwagwa. La tatu ndilo linalomtenganisha fundi na mchezaji wa kawaida. Wengi huona safari yao wenyewe. Wachache huona na safari ya kurudi.

Wacheza karata hufichana mikono, na anayeweka fedha zake zote juu ya karata dhaifu anategemea mwenzake asijue. Bao halina maficho hayo. Katika kunamua hata kete zilizo mkononi idadi yake inajulikana, kwani hupungua moja moja kila zamu. Anayethubutu anathubutu mchana kweupe, na akishindwa hana wa kumlaumu.

Mchezo huu ulistawi pwani, Unguja ikiwa kitovu cha mafundi wake, ukaenea bara. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kuupenda. Hata mpakani, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, watu wanaishi kati ya majirani wa ukoo mmoja wa michezo: Ileje inapakana na Malawi yenye bawo, na ng'ambo ya mji wa Tunduma iko Zambia yenye nsolo. Tunduma yenyewe ni mji wa kusubiri. Tangu barabara ya Zambia na reli ya TAZARA zilipoupitia, madereva, matingo, mawakala wa forodha na wabadilisha fedha wamekuwa na saa za kukaa kivulini, na saa hizo ndizo zinazomlea mcheza bao.

Kituo cha pamoja cha mpakani, Tunduma na Nakonde ya upande wa Zambia, kilizinduliwa mwaka 2019 ili kupunguza kusubiri huko, na ni heri kwa biashara. Lakini muda unaobaki haurudi kwenye ubao. Unakwenda kwenye mashine za bonanza na mikeka ya kubeti ndani ya simu. Kijana huweka ujira wake wote juu ya mechi ya nchi asiyoijua, akaita huko kujilipua. Hakuna alichohesabu, kwa kuwa hakuna alichoonyeshwa. Mashine haifungui safu yake ya nyuma. Anaachwa na uthubutu uliokatwa kutoka kwenye maarifa, na wazee wanaomtazama hawana pa kumsahihisha.

Zamani mkubwa alimwambia mdogo, "Lala, baba, bado haijatosha," na mdogo akajifunza siku hiyo kwamba kuacha nako ni kucheza. Sheria za bao zinaweza kuandikwa zikahifadhiwa. Jicho linalojua kwamba kwenda kulia kete 11 hazitoshi na 12 zinatosha, na tabia ya kusubiri hiyo moja iliyopungua, hupatikana kwa kukaa miaka mingi kando ya anayejua. Vijiwe vikitawanyika, vijana wataendelea kuweka kila walicho nacho, bila wa kuwafundisha lini.